Dada Zake Kamanda

Kila asubuhi, kabla ukungu haujaondoka kwenye kilele cha Mlima Hanang, Letisia alikuwa ameshafungua zizi. Bibi Lucia, aliyekuwa akiishi naye pale Gendabi, alishachoka kumwambia anawe uso kwanza, anywe uji kwanza, achane nywele kwanza. Letisia alianza na mbuzi, na miongoni mwa mbuzi alianza na Kamanda.

Kamanda alikuwa beberu mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, kifua kipana, na ndevu ambazo baadhi ya wazee wa kijiji wangezionea wivu. Alitoka zizini wa kwanza, akasimama, akatazama kulia na kushoto, ndipo wenzake wakamfuata. Letisia alikuwa darasa la sita, na wanafunzi wenzake walishazichoka habari za Kamanda. Mwalimu akiuliza juu ya usafi, Letisia alisema Kamanda halali penye tope. Mwalimu akiuliza juu ya uongozi, ndiyo kabisa.

Baada ya mbuzi ulikuja mwendo wa bombani, yeye na Bibi, kila mmoja na ndoo yake. Hapo hakukosekana mtu wa kuuliza. Asubuhi ile alikuwa Mama Bura, jirani mwenye macho makali na maswali mengi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Letisia. Bibi Lucia, habari za kwako? Mbuzi naona wameongezeka. Siku hizi mna wangapi?"

"Wapo, mama," Bibi alijibu huku akiinua ndoo. "Mungu anatusaidia."

Jibu lake lilikuwa hilo miaka yote. Bibi hakuwa mchoyo wa maneno. Katika nchi ile, mtu mwenye akili haweki mifugo yake yote kwenye zizi moja. Mbuzi kadhaa humpelekea rafiki amtunzie, wengine humpelekea ndugu wa kijiji kingine. Mtunzaji hunywa maziwa, na wakishazaliana hupewa mbuzi wa shukrani, wakawa wake kabisa. Ugonjwa ukiingia huku, wa kule wanapona. Na mambo hayo hayatangazwi bombani. Mwenye mbuzi anajua, mtunzaji anajua, basi.

Bibi mwenyewe alikuwa shahidi. Mwaka mmoja, mama yake Letisia akiwa bado msichana, homa ya mapafu ilifagia zizi lake lote. Akabaki na mbuzi mmoja tu, aliyekuwa kwa Mzee Gidabuday, mfugaji aliyeishi ng'ambo ya korongo. Kutoka kwa yule mmoja, zizi lilijaa tena. Hata sasa mbuzi wa Bibi aliyeitwa Kizee alikuwa akiishi kule kwa Mzee Gidabuday, na mwaka uliopita mtoto wake mmoja mwekundu, mwenye baka usoni, aliletwa nyumbani akiwa amebebwa kifuani. Huyo ndiye Kamanda.

"Haya ni ya nyumbani," Bibi alimwambia Letisia siku ile. "Usiyatangaze."

Sasa ikatokea kwamba shuleni alikuja mgeni. Aliitwa Daktari Hadiya, binti wa Mzee Abdulrahim anayeuza vitenge Katesh. Alisomea mifugo, na wakati huo alikuwa akizunguka vijiji vya Mbulu na Hanang akikusanya nywele za mbuzi. Darasa zima liliangua kicheko liliposikia hivyo.

"Chekeni tu," alisema Daktari Hadiya, naye akicheka. "Nani ataniambia mbuzi wa kwanza kabisa kufugwa walitoka wapi?"

"Mnadani Katesh, Madam!" alidakia mmoja kutoka nyuma, na Mwalimu Gervasi akalazimika kugonga meza ili watu wanyamaze.

"Mbali zaidi ya Katesh. Hivi kuna mtu amewahi kuona mbuzi mwitu Hanang?"

"Hapanaaa!"

"Hamtamwona, kwa sababu mababu wa mbuzi wetu hawakuwa wa huku. Walikuwa mbuzi mwitu wa milima ya mawe huko Asia, katika nchi ambazo leo ni Irani na Uturuki. Miaka kama elfu kumi iliyopita, watu wa huko walianza kuwafuga. Baadaye wafugaji wakahama nao, kizazi baada ya kizazi, wakaingia Afrika, wakateremka taratibu mpaka huku kwetu. Njiani mbuzi walikutana na kiu, kupe, minyoo na baridi. Wengi walikufa. Waliobaki wakazaa watoto wenye kuvumilia."

Aliwaonyesha unywele mmoja mweusi, akaushika kwa ncha za vidole.

"Kwenye mzizi wa unywele kuna habari za ukoo mzima, tukiupima maabara. Mbuzi wetu wa asili ni wadogo, lakini kila mmoja amebeba kitu chake ndani ya damu. Huyu anavumilia kiu, yule hasumbuliwi na minyoo, mwingine huzaa mapacha. Utofauti huo ndio mali yenyewe. Ukija ugonjwa mpya, hawafi wote. Lakini mkizalisha ndugu kwa ndugu, mali hiyo inapotea, na udhaifu uliokuwa umejificha unatokea."

Kisha Mwalimu Gervasi akasimama na habari iliyomfanya Letisia akae sawasawa kwenye dawati. Shule ilikuwa na majike kadhaa, zawadi ya Mzee Gidabuday, kwa kuwa wajukuu zake walisoma hapo. Watoto wa majike hao wangegawiwa wanafunzi ambao kwao hakuna mbuzi. Sasa alitafutwa beberu. Daktari Hadiya angepita nyumbani kwa wanafunzi kumchagua.

"Awe wa asili, awe na nguvu, na asiwe ndugu wa majike wetu," alisema Mwalimu. "Kwa hiyo asitoke kwa Mzee Gidabuday. Na picha yake itabandikwa kwenye banda letu la maonyesho siku ya Nane Nane, sikukuu ya wakulima."

Picha! Letisia alimwona Kamanda ukutani, ndevu zimechanwa, watu wa wilaya nzima wakipita na kuuliza ni wa nani. Hakusikia neno jingine mpaka kengele ilipolia.

Nje alikutana na Sara, mtoto wa darasa la tatu aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha ya kupewa mbuzi. Kwao walikuwa na kuku tu, tena kuku wenyewe walikuwa wakorofi. Sara alikuwa ameshasokota kamba ya katani.

"Dada Letisia, mbuzi wangu atazaliwa lini?"

"Mimba yenyewe bado, Sara!"

"Basi nitaiongeza urefu," alisema Sara, akaondoka akiivuta kamba yake, nyuma yake hakuna mbuzi.

Jioni Daktari Hadiya na Mwalimu Gervasi walianzia kwa Raudha, rafiki wa Letisia wa kuketi naye dawati moja. Mama yake Raudha alikuwa na hoteli ya chai pale senta, na nyuma ya hoteli aliishi Kipembe, beberu mweusi aliyetoka kwa shangazi yake Raudha kule Masakta. Kipembe alivunjika pembe moja akipigana na mlango. Alikuwa mfupi, tumbo limemwanguka, na alipenda maganda ya viazi kuliko kitu chochote duniani.

"Huyu picha yake itatisha watoto," Letisia alimnong'oneza Raudha.

"Afadhali wa kwangu anatisha. Wa kwako anajisikia," alijibu Raudha.

Walipofika kwa Bibi Lucia, Bibi hakuwepo. Alikuwa amekwenda kwenye sala ya jumuiya. Kamanda alitoka zizini, akasimama, akatazama kulia na kushoto. Daktari Hadiya alimkagua meno, kwato na macho, akatabasamu.

"Mzuri kweli huyu. Letisia, ametoka wapi?"

Swali lilikuwa fupi, na jibu lake lilikuwa fupi pia: kwa Mzee Gidabuday. Letisia alilijua jibu hilo. Tena alijua zaidi, kwamba majike wa shule walizaliwa na Kizee, mama yake Kamanda, ndipo Bibi akampa Mzee wawe wake kwa shukrani ya utunzaji. Walikuwa dada zake kabisa. Lakini alikumbuka pia maneno ya Bibi: usiyatangaze. Mtu akitaka kudanganya hakosi wa kumfundisha, na mara nyingi hujifundisha mwenyewe. Letisia alijiambia kwamba huo si uongo, ni siri ya nyumbani.

"Amezaliwa hapa hapa," alisema. "Mama yake alitoka mbali, Dongobesh. Alinunuliwa mnadani."

Mnada wa Dongobesh ulimtoka mdomoni bila taabu, akashangaa mwenyewe. Daktari Hadiya alichomoa nywele chache za Kamanda, akazitia kwenye bahasha, akamgeukia Mwalimu.

"Nyumba nyingine, ukoo mwingine. Huyu anafaa. Jumatatu aje shuleni."

Raudha alimpongeza Letisia kwa moyo mmoja, akamkumbatia. Hilo nalo likamchoma.

Jumamosi Bibi alimtuma apeleke magadi na unga kwa Mzee Gidabuday, kama alivyozoea. Letisia alivuka korongo akiimba, maana alikuwa ameshaamua kutokulifikiria jambo lile. Alimkuta Mzee amechuchumaa zizini, shuka limemwanguka begani, akijaribu kumnyonyesha mwanambuzi kwa kidole kilichochovywa maziwa.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Njoo unishikie huyu."

Letisia alimpokea. Alikuwa mwepesi mno. Taya lake la chini lilikuwa fupi, halikukutana na la juu, na kila alipojaribu kunyonya, maziwa yalimwagika. Mwenzake alikuwa amelala pembeni, miguu imekunjamana, hata kulia hawezi.

"Wana nini, Babu? Ni ugonjwa?"

"Ugonjwa ungekuwa na dawa." Mzee alipangusa mikono kwenye nyasi. "Ni uvivu wangu. Nilichelewa kubadilisha beberu. Akampanda dada yake, na mtoto wa dada yake, damu ikawa inajirudia. Baba yangu angekuwa hai angenichapa. Zamani hatukukubali. Beberu akikaa sana unampeleka kwa rafiki wa mbali, naye anakuletea wake."

Letisia alimtazama mwanambuzi mapajani mwake. Badala yake akaiona kamba ya katani ya Sara.

"Na Kamanda hajambo?" Mzee aliuliza. "Nimesikia anakwenda shule. Nikashangaa. Nikasema labda nimesikia vibaya, maana wale ni dada zake."

Letisia alimrudishia mwanambuzi. Mzee Gidabuday hakumuuliza tena. Alirudi kuchovya kidole kwenye maziwa. Njiani kurudi, Letisia hakuimba. Aliona aibu, aibu hasa, ile inayofanya masikio yapate moto mtu akiwa peke yake.

Usiku alikula kidogo. Jumapili baada ya misa hakula kabisa, na hapo Bibi, ambaye hakuwa na daktari zaidi ya macho yake mwenyewe, aliweka mwiko chini.

"Sema."

Letisia alisema yote: Dongobesh, mnada, picha, na mwanambuzi asiyeweza kunyonya. Alipofika kwenye kamba ya Sara, machozi yalimtoka.

"Lakini wewe Bibi ulisema nisitangaze!" alimalizia, akitafuta pa kushika.

"Nilisema usitangaze. Nilisema udanganye?" Bibi hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mama Bura akiniuliza nina mbuzi wangapi, nimewahi kumwambia sina? Nimewahi kumwambia wawili wakati ni kumi? Namwambia wapo. Na kweli wapo. Aliye na haki ya kujua namwambia yote. Daktari alikuuliza kwa sababu watoto wa watu watapewa mbuzi hao. Huyo ana haki ya kujua kuliko hata mimi."

"Nifanye nini?"

"Unajua. Kesho tunakwenda wote. Mimi nitasimama, wewe utasema. Sasa kula, usije ukaanguka njiani nikabeba wewe na mbuzi."

Jumatatu uwanja wa shule ulikuwa umefagiwa. Kamanda alikuwa ameogeshwa, na hakufurahia. Majike wa shule walipomwona kwa mbali walilia, naye akawajibu, na Letisia akatamani ardhi ipasuke. Bibi Lucia alivaa kitenge chake cha sikukuu. Daktari Hadiya alikuwa tayari na simu ya kupigia picha.

"Madam," Letisia alianza. "Nilikudanganya. Kamanda hakutoka Dongobesh. Mama yake ni mbuzi wa Bibi anayetunzwa kwa Mzee Gidabuday. Majike wa shule ni dada zake. Nilijua tangu mwanzo. Nilitaka picha."

Wanafunzi wakasogea karibu. Mwalimu Gervasi alivua miwani, akaivaa tena.

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema polepole. "Lakini wewe umeikatisha mwenyewe kabla haijaisha. Hilo nimeliona. Hata hivyo, wiki nzima hii utafagia banda la mbuzi."

"Ndiyo, Mwalimu."

Daktari Hadiya alichuchumaa mbele yake ili macho yao yalingane. "Zile nywele zingekuja kuniambia ukweli, Letisia, lakini majibu ya maabara huchukua miezi. Watoto wangekuwa wameshazaliwa. Umeniokolea kazi, na umewaokoa wanambuzi wasio na hatia." Kisha alimgeukia Bibi. "Na mimi nina kosa langu. Nilihesabu nyumba tofauti kuwa ukoo tofauti. Kumbe mbuzi wenu wana nyumba zaidi ya moja!"

Bibi alicheka. "Mwanangu, wewe ni mtoto wa Katesh, hujui mambo ya zizini. Kuanzia leo usiulize mbuzi amelala wapi. Uliza amezaliwa na nani."

"Na ni desturi hiyo hiyo iliyowasaidia," Daktari Hadiya alisema, sasa akiwaambia wanafunzi wote. "Mbuzi waliotawanywa kwa marafiki wa vijiji vya mbali ndio waliotunza utofauti niliowaambia. Ila kutawanya peke yake hakutoshi kama mabeberu hawabadilishwi."

"Sasa beberu wa shule tutampata wapi?" aliuliza Mwalimu Gervasi.

Letisia alijua jibu, na safari hii alilisema haraka.

"Kipembe, Mwalimu. Ametoka Masakta kwa shangazi yake Raudha. Huyo si ndugu wa mbuzi yeyote hapa. Na ana nguvu. Alipigana na mlango."

"Mlango ulishinda," alisema Raudha, na uwanja mzima ukacheka. Alimjia Letisia, akamsukuma kwa bega. "Kwa hiyo wangu hatishi watoto tena?"

"Anatisha. Lakini anatisha vizuri. Nisamehe, Raudha."

"Nimekusamehe. Utamletea maganda ya viazi wiki nzima."

Kipembe aliletwa. Aliingia bandani bila kutazama kulia wala kushoto, akaenda moja kwa moja kwenye majani. Picha ilipopigwa alikuwa ametoa ulimi.

Kamanda naye hakuachwa hivi hivi. Shangazi Mariamu wa Masakta, aliyempa Raudha yule Kipembe, alibaki bila beberu zizini kwake. Bibi Lucia alizungumza naye kwa simu kwa muda mrefu, maneno mengi yakiwa ya salamu, na mwishoni wakakubaliana Kamanda akakae kwake. Siku ya safari Letisia alimchana ndevu kwa mara ya mwisho. Alilia, hakuficha. Kamanda alikaa nyuma ya bodaboda katikati ya dereva na Raudha, kifua mbele, akitazama barabara.

"Ni wako bado," Bibi alimwambia, mkono begani. "Watoto wake watakuwa kule, damu yake itatembea. Nawe una mtu wa kumpigia simu siku zizi letu likipata shida. Lakini yote hayo, mjukuu wangu, yanasimama juu ya neno la mtu. Mzee Gidabuday angeweza kuniambia miaka ile kwamba mbuzi wangu amekufa. Ningefanya nini? Hakuna aliyeona. Aliniambia ukweli, na ndiyo maana leo una Kamanda. Siri inalinda mali. Uongo unaila. Usivichanganye tena."

"Sitavichanganya, Bibi."

Mvua zilikuja, zikaondoka. Majike wa shule walizaa, na wa kwanza kuzaliwa alikuwa jike mweusi, mnene, aliyesimama kwa miguu yake kabla hajakauka vizuri na kuanza kunyonya kwa fujo. Sara alifika mbio na kamba. Ilikuwa ndefu mno kwa wakati ule. Ingeweza kuwafunga mbuzi wote wa Gendabi.

Siku ya Nane Nane, picha ya Kipembe mwenye pembe moja na ulimi nje ilibandikwa kwenye banda la shule, na watu walisimama kwa wingi mbele yake kuliko mbele ya banda jingine lolote.

Na asubuhi moja baada ya hapo, Letisia alikwenda bombani peke yake, kwa kuwa Bibi aliumwa mgongo. Mama Bura alikuwa ameshafika.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Bibi yako anaendeleaje? Na yule beberu wenu mwekundu simwoni siku hizi. Mmemuuza? Hivi sasa mmebaki na mbuzi wangapi?"

Letisia alifikiria zizi la nyumbani, zizi la ng'ambo ya korongo, na zizi la Masakta ambako, kwa habari za simu ya jana, watoto wawili wekundu wenye baka jeupe usoni walikuwa wamezaliwa. Alijitwika ndoo, akaisawazisha kichwani.

"Hatujamuuza, Mama," alisema. "Wapo. Mungu anatusaidia."